Sura Ina Mwenyewe: Juu ya Foto za Wageni Kule Masisi na Walikale

Mgeni akifika misioni na apareyi ya foto shingoni, ombi lake la kwanza baada ya salamu ni kupata mtu wa kumpeleka kijijini. Mtu huyo, mara nyingi, ni katekista. Yeye anajua njia, anajua lugha, tena watu wanamsikiliza anapowaambia wasimame penye mwanga. Padri anatoa ruhusa, katekista anatafsiri, mseminari aliye likizoni anabeba mizigo. Foto ikiisha kupigwa, mgeni anaondoka nayo, nasi hatuioni tena. Basi kazi ya kupima foto hizo si ya wataalamu wa Ulaya peke yao. Ni kazi yetu pia, kwa sababu katika foto nyingi za Masisi na Walikale mkono wetu umo, ijapokuwa hauonekani.

Ndugu wasomaji, hatutaki kuwalaumu wageni wote, wala kuwasifu wote. Tunataka kutazama kazi chache za watu wanaojulikana, na kwa kila kazi kuuliza maswali matatu. Kwanza: mtu anayeonekana ni nani? Pili: maneno yake yako wapi? Tatu: kazi hiyo ilikwenda wapi, na je, ilirudi kwa wenyewe? Maswali hayo matatu yana shina moja: sura ina mwenyewe. Mbuzi akionekana njiani, kijiji kizima kinauliza ni wa nani. Sura ya mama ikipelekwa ng'ambo na kutundikwa ukutani, ni nani anayeuliza?

I. Afrika ambayo haikupotea

Tuanze na watu wa zamani, ili tusidhani kwamba jambo hili limezaliwa jana. Mwaka wa 1924 alifika Léopoldville mtu mmoja wa taifa la Wapoland, jina lake Casimir Zagourski. Alifungua nyumba ya foto mjini, kisha akaanza kusafiri katika Kongo na katika inchi za jirani, na Rwanda pia. Kazi yake kubwa ni mfululizo wa kadi za posta alioupa jina la Kifaransa «L'Afrique qui disparaît», maana yake Afrika inayopotea. Foto zake zilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka wa 1937. Yeye mwenyewe alikufa Léopoldville mwaka wa 1944.

Kwa ufundi, hatuna la kumlaumu. Alijua mwanga, alijua kungojea, na watu wake hawachekeshi wala hawatishi. Wanasimama kwa heshima. Wachache katika wakati ule walifanya vema kama yeye. Lakini soma maneno yaliyo chini ya kadi. Utakuta kabila, utakuta mahali, utakuta neno la Kifaransa lenye maana ya «aina». Jina la mtu hulikuti. Sasa, kabila halina mama wala baba, halikubatizwa, halikuoa. Mtu ndiye aliyefanya hayo yote. Aliyesimama mbele ya apareyi alikuwa mtu mmoja, mwenye watoto na madeni na ugomvi na jirani yake, na kadi ikamgeuza kuwa mfano wa wote.

Tena jina la mfululizo lenyewe linataka kupimwa. Afrika iliyopotea ni ipi? Wajukuu wa watu wale wako, wanalima, wanasoma, wengine wamo katika seminari zetu. Desturi nyingine zimekwisha, nyingine zimegeuka, kama desturi za Wapoland zilivyogeuka. Lakini anayesema «wanapotea» anajifanya yeye ndiye mwokozi wa kumbukumbu yao. Kumbe kilichopotea kweli ni kile ambacho kalamu yake haikuandika, yaani majina.

Wala tusijifiche nyuma ya Zagourski. Mapadri Weupe walikuwa na gazeti lao huko Ubelgiji, Grands Lacs, lenye foto nyingi za inchi zetu, na mashirika mengine yalikuwa na ya kwao. Foto hizo zililetea misioni msaada, zikajenga madarasa na zahanati, na hatuna budi kushukuru. Lakini katika foto nyingi za misioni za wakati ule jina la Padri limeandikwa chini, nao wanaomzunguka ni «wakristu wetu» tu.

Mtu atasema: yalikuwa mazoea ya nyakati zile, hakuna aliyejua njia nyingine. Tunajibu: alikuwako aliyejua. Mwaka wa 1904, kule Baringa, mbali upande wa magharibi ya inchi yetu, Alice Seeley Harris, Mwingereza, mke wa mmisionari wa Kiprotestanti, alipiga foto ya baba mmoja aliyeketi barazani akitazama mkono mdogo na mguu mdogo vya binti yake, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Baba huyo anaitwa Nsala. Binti aliitwa Boali. Foto hiyo ilionyeshwa kwa taa ya kutupa picha ukutani mbele ya makutano ya watu huko Uingereza na Marekani, ikasaidia kuamsha hasira iliyomlazimisha Leopold wa Pili kuiachia serikali ya Ubelgiji inchi hii mwaka wa 1908. Ilikuwa foto ya mgeni, nayo ilipelekwa mbali. Lakini jina lilikwenda pamoja nayo, na hata leo, zaidi ya miaka mia baadaye, hatusemi «Mkongo mmoja». Tunasema Nsala.

II. Vilima vya rangi ya waridi

Sasa tuje kwetu, na kwa wakati wetu. Kati ya mwaka wa 2010 na 2012 Richard Mosse, mtu wa Irlandi, alitembea mara kadhaa katika Kivu akipiga foto na filimu. Kutoka huko zilizaliwa kazi mbili: Infra, mfululizo wa foto, na The Enclave, sinema inayoonyeshwa kwa vioo sita vikubwa katika chumba cha giza, watu wakitembea katikati yake. The Enclave iliwakilisha Irlandi katika maonyesho ya Venezia mwaka wa 2013, na mwaka wa 2014 Mosse alipata kwa kazi hiyo zawadi ya Deutsche Börse, moja ya zawadi kubwa za ufundi wa foto katika Ulaya.

Ajabu ya kazi hii ni rangi. Mosse alitumia filimu ya Kodak iitwayo Aerochrome, ambayo kampuni iliacha kuitengeneza mwaka wa 2009. Majani mabichi hurudisha mwanga wa namna ambayo jicho la mtu haliwezi kuuona. Filimu hiyo inauona, nayo inaugeuza kuwa rangi nyekundu au ya waridi. Jeshi liliitumia zamani kutafuta adui aliyejificha: kitambaa kilichopakwa kijani hakidanganyi filimu, bali majani ya kweli yanawaka kama moto. Basi vilima vyetu, tunavyovijua kuwa kijani kibichi mwaka mzima, vinatokea ukutani Venezia vikiwa na rangi ya waridi, na askari wenye silaha wamesimama katikati kama katika bustani ya maua.

Wengine kwetu walichukizwa walipoona. Walisema: huyu amefanya vita vyetu kuwa pambo. Sisi hatusemi hivyo upesi. Rangi ile ina ukweli wake. Anayepiga foto ya kawaida humwambia mtazamaji: «Hivi ndivyo ilivyo.» Mosse, kwa rangi isiyowezekana, anakiri: «Hivi ndivyo mgeni anavyoona kwa chombo chake.» Huo ni unyofu. Tena watu wa Ulaya, waliochoka na foto za kawaida za Kivu, walisimama na kutazama, na wengine wakauliza kwa mara ya kwanza Masisi ni wapi. Kwa swali hilo tu tunamshukuru.

Kosa tunalolikuta haliko katika rangi. Liko katika majina. Moja ya foto kubwa za Infra, ya mwaka wa 2011, inaonyesha malisho mapana juu ya vilima, pamoja na wachungaji na ng'ombe. Mtu yeyote aliyepanda kutoka Sake kwenda Masisi atatambua inchi ya namna ile. Jina la foto ni Men of Good Fortune, na jina hilo ni la wimbo wa Lou Reed, mwimbaji wa New York. Nyingine inaitwa Nowhere to Run, nalo ni jina la wimbo wa Kimarekani wa mwaka wa 1965. Nyingine ni Safe from Harm, jina la wimbo wa Kiingereza wa mwaka wa 1991. Chini yake pameandikwa «Kivu ya Kaskazini» na mwaka, basi.

Je, kilima kile hakikuwa na jina? Kila kilima cha Masisi kina jina, na mara nyingi jina lenyewe ni habari: la mtu aliyekaa pale kwanza, au la mti uliokuwa ukimea pale. Na hapa si suala la heshima tu. Ni suala la kuelewa kinachoonekana. Malisho yale hayakuumbwa siku ya tatu pamoja na majani mengine. Kuanzia mwaka wa 1937 hadi 1955 serikali ya Wabelgiji ilileta Masisi maelfu ya familia kutoka Rwanda, kwa mpango ulioitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda. Baadaye mashamba makubwa ya ng'ombe yalipanuka, misitu ikakatwa, wengine wakapata hati za udongo na wengine wakakosa. Machi 1993 watu walianza kuuawa katika soko la Ntoto, kule Walikale, na moto huo ukaenea Masisi kote. Majani yale mazuri, basi, yana kesi ndani yake. Kesi hiyo haijaisha, na wakristu wetu, Wahunde, Wahutu, Watutsi, Wanyanga, Watembo, wamo ndani yake wote, na katika parokia moja.

Mtazamaji wa Venezia anaona majani ya waridi na wachungaji. Wenye udongo ni nani, wanaodai ni nani, wachungaji wale wanasema nini juu ya mahali wanaposimama: hayo hayamo. Jina la wimbo limekalia kiti cha jina la kilima.

Mtu atapinga: Mosse ni fundi wa sanaa, si mwandishi wa habari wala mwalimu wa historia, naye ana ruhusa ya kuipa kazi yake jina analopenda. Tunajibu: ruhusa anayo. Mshairi naye anaweza kumwita mtu kwa jina lolote katika shairi lake. Lakini mshairi alimtunga mtu wake, Mosse hakuwatunga watu wa Masisi. Walikuwa pale kabla hajafika. Anayetumia sura ya mtu aliye hai amekopa, na mkopo una mwenyewe.

III. Shekarisi na mgeni wake

Tumetazama mgeni aliyechukua sura bila maneno. Tumtazame sasa mgeni aliyechukua maneno. Kazi yake si ya foto, lakini maswali yetu matatu yanamfaa vile vile.

Mwaka wa 1956, katika kijiji cha Bese, teritware ya Walikale, Daniel Biebuyck, mtaalamu Mbelgiji, alikutana na mzee Mnyanga aitwaye Shekarisi Candi Rureke. Mzee huyo alijua karisi, habari ndefu ya shujaa Mwindo, mtoto aliyezaliwa akitembea, aliyekataliwa na Shemwindo baba yake na kuokolewa na shangazi yake Iyangura. Rureke aliimba, alisimulia, alicheza, akaigiza, na vijana wake wakipiga fimbo juu ya mti. Kazi ilidumu siku 12. Mgeni na wasaidizi wake waliketi na kuandika kila neno kwa Kinyanga.

Kitabu, The Mwindo Epic, kilitoka California mwaka wa 1969. Angalieni mambo matatu. Jina la Rureke limo, pamoja na habari za maisha yake na namna alivyofundishwa. Maneno yake yamo kwa Kinyanga, si kwa tafsiri tu. Na kando ya jina la Biebuyck kuna jina la Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga, msomi wa lugha yake. Kwa swali la kwanza na la pili, kazi hii inajibu vema.

Kwa swali la tatu haijibu vema. Kitabu ni cha Kiingereza na Kinyanga, kilichapwa ng'ambo ya bahari, na ni shule ngapi za Walikale zinazokiweka mikononi mwa watoto? Mwindo anafundishwa katika vyuo vikuu vya Marekani, na kijana wa Walikale anaweza kumaliza masomo yote bila kusikia kwamba mzee wa inchi yake aliimba siku 12 na dunia ikamsikiliza. Tusimtupie mgeni lawama hiyo yote. Kurudisha ni kazi ya anayepokea pia, nasi hatukwenda kudai.

Biebuyck huyo huyo alikaa miaka kadhaa kwa Balega, jirani zetu wa kusini, akaandika juu ya bwami, chama chao cha mafundisho na vyeo, ambacho serikali ya kikoloni ilikuwa imekikataza mwaka wa 1948. Kitabu chake Lega Culture kilitoka mwaka wa 1973. Humo alionyesha kwamba sanamu ndogo za pembe na za mti za bwami si pambo. Kila moja inatolewa kwa mpango, mkononi mwa mtu mwenye cheo, pamoja na ngoma na methali, ili kumfundisha anayeingia. Sanamu yenye vichwa vingi, Sakimatwematwe, inamfundisha mtu kuwa na busara ya kutazama pande zote kabla ya kuamua.

Linganisheni na kitabu kikubwa The Sculpture of Africa cha mwaka wa 1958, chenye foto za Eliot Elisofon na maandiko ya William Fagg. Elisofon alikuwa bingwa. Anaitoa sanamu katika giza kwa mwanga mmoja wa pembeni, nawe unaona kila alama ya kisu. Lakini mkono ulioishika haumo, na ngoma haimo. Mwanafunzi anayekifungua anajifunza kusema «nzuri». Hajifunzi kile ambacho fundi alitaka kumfundisha, yaani kutazama pande zote. Sanamu bila methali yake ni kama kitabu cha Misa mikononi mwa mtu asiyejua kusoma: anaona ngozi ya jalada na dhahabu ya pembeni.

IV. Foto ya mwenye machozi

Tumefika mahali pagumu. Kuanzia tarehe 30 Julai hadi 2 Agosti 2010, katika vijiji 13 vya njia ya Kibua hadi Mpofi, kule Walikale, Luvungi kikiwa kimojawapo, watu wenye silaha waliwatendea jeuri wanawake, wasichana, wanaume na wavulana. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihesabu watu 387 kwa uchache. Habari ikaenea duniani, na wageni wenye apareyi wakafika kwa wingi mahali ambapo hapo mbele hata daktari alifika kwa shida.

Tulisema juu: jina liandikwe. Je, na hapa? Hapa jina linaweza kumvunja mtu mara ya pili. Siku hizi foto inayotoka kijijini asubuhi kwenda Ulaya inarudi kijijini jioni katika telefoni ya jirani. Mume ataiona, wakwe wataiona, na aliyetenda ubaya ataiona pia. Basi ni nani mwenye haki ya kuamua kati ya jina na siri? Si mpiga foto anayetaka macho ya mama ili foto iwe na nguvu. Si shirika linalotaka foto kwa ripoti yake. Wala si padri. Ni mwenye sura. Nsala aliamua kusimama na uchungu wake mbele ya dunia, na hiyo ilikuwa haki yake. Mama wa Luvungi akisema hapana, hiyo ni haki yake, na picha nzuri zaidi ya mwaka haina uzito mbele ya neno hilo moja. Maagizo haya hayapingani. Jina linaandikwa kwa sababu mtu ana mwenyewe, na jina linafichwa kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini tuangalie vema neno «ndiyo». Mtu aliyelala njaa siku mbili, akiona gari lenye unga na mgeni mwenye apareyi wakija pamoja, atasema ndiyo kwa lolote. Anafikiri foto ndiyo bei ya unga. Ndiyo ya namna hiyo si ruhusa. Na anayeweza kujua tofauti si mgeni, kwa sababu mgeni hasikii lugha; ni katekista anayetafsiri. Hapo ndipo kazi yake inapokuwa kazi ya dhamiri. Aseme wazi, mbele ya wote, kabla apareyi haijatoka mfukoni: «Mwenye kukataa foto atapata msaada sawasawa na mwenye kukubali.» Mgeni akichukia kusikia maneno hayo, tumekwisha kumjua.

Mtu atasema: basi bora kuzuia foto zote za taabu. Hapana. Mwezi wa kwanza wa mwaka wa 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Masisi-centre, kisha Goma. Mwezi wa pili makambi ya kandokando ya Goma, kama Bulengo na Lushagala, walimokimbilia wengi kutoka Masisi, yalivunjwa, watu wakaambiwa waondoke. Kwa muda mfupi mahali palipokuwa na maelfu ya vibanda pakawa mawe meusi ya volkano tu. Siku mtu atakaposema kwamba pale hapakuwa na watu, foto zitajibu. Ushuhuda ni lazima. Tunachodai ni kwamba shahidi asimwibie yule anayemshuhudia.

V. Watoto wa inchi wenyewe

Mwaka wa 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga mipaka, Finbarr O'Reilly, mpiga foto aliyekuwa amepewa kazi juu ya Kongo na Mfuko wa Carmignac wa Ufaransa, hakuweza kuendelea na safari zake. Akageuza kazi ile kuwa ya wengi, kwa jina Congo in Conversation, wapiga foto Wakongo wakieleza inchi yao wenyewe. Ndipo wageni walipojifunza majina ambayo watu wa Goma na Bukavu waliyajua tayari: Ley Uwera, Moses Sawasawa, Arlette Bashizi, Raissa Karama Rwizibuka, Pamela Tulizo na wengine. Mwaka huo huo Pamela Tulizo alipata zawadi ya Dior ya wapiga foto vijana kwa kazi iitwayo Double Identité. Humo anaweka pamoja sura mbili za mwanamke wa mashariki ya Kongo: ile ambayo magazeti ya nje yanamvika, na ile anayojiona nayo mwenyewe. Ni kazi ya akili. Haikatai kwamba kuna jeraha. Inakataa kwamba jeraha ndilo jina la mtu.

Tunawasifu, lakini tusiwasifu kwa upofu. Mtu wa Goma aliyefika Walikale ni mgeni pia. Hajui Kinyanga wala Kikano, hajui barabara ya mwisho kabla ya msitu, na watu wa kule wanamwita mtu wa mji. Methali inasema mgeni ni kuku mweupe: popote alipo anaonekana. Afadhali mgeni anayejua kwamba ni mweupe kuliko yule anayejidhani ni wa rangi ya wenyeji. Maswali matatu yanamhusu yeye sawasawa na Mosse, na yanamhusu mseminari mwenye telefoni anayepiga foto ya bibi kizee siku ya Pasaka na kuituma kwa marafiki kabla ya bibi kuiona.

VI. Tufanye nini?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika agizo Inter Mirifica la mwaka wa 1963, ulifundisha kwamba wote wanaotumia vyombo vya habari hawana budi kujua na kushika sheria ya mema na mabaya. Fundisho hilo si la wenye vyombo tu. Linamfikia pia anayefungua mlango, anayebeba mzigo na anayetafsiri.

Tunatoa mashauri machache, yawezekanayo hata katika misioni maskini. Moja: padri asitoe ruhusa kwa niaba ya watu. Atoe ruhusa ya kupita, na kila mtu atoe ruhusa ya sura yake. Mbili: katekista amweleze kila mmoja, kwa lugha ya nyumbani, foto itakwenda wapi, na kwamba haiwezi kurudishwa ikiisha kutoka. Tatu: kabla mgeni hajaondoka, aachie misioni nakala, na kama amekwenda bila kuiacha, aandikiwe barua. Wengi watakubali; hawakuleta kwa sababu hakuna aliyewaomba. Nne: foto zilizomo tayari katika makabati ya misioni na seminari zitolewe, wazee waitwe, na kila uso upewe jina lake wakati wenye kumbukumbu wako hai. Kazi hiyo haitaki feza. Inataka kalamu, na jioni chache, na haraka, kwa sababu wazee wanakwenda, na vita vinachoma makabati.

Mfano tunao nyumbani. Katika daftari la ubatizo hakuna anayeingia kama «aina» wala kama «mtoto mmoja wa Kibahunde». Anaingia na jina lake, jina la baba, jina la mama, kijiji, siku na mwaka, na mkono wa padri unatia sahihi. Mtoto wa chifu na mtoto wa mkimbizi wanapata mstari ulio sawa. Mapadri wa kwanza, waliosahau majina katika foto, hawakuyasahau katika daftari, kwa sababu pale waliamini kwamba mtu mmoja ana thamani isiyobadilishwa na ya mwingine. Basi tuanze na foto za misioni yetu wenyewe. Nyuma ya kila moja tuandike kama tunavyoandika katika daftari lile, na mahali pa mtu aliyekataa tuache pakiwa patupu.